Kipande cha Mugeni

Agathe alikuwa mnene, na katika mtaa mzima wa Cimpunda, mjini Bukavu, hakuna aliyeona ubaya wake. Wewe unayesoma leo unaweza kushangaa, lakini miaka ile ya Zaïre mwanamke aliyeolewa akinenepa, sifa zilikwenda kwa mume. Watu walimtazama asubuhi akishuka kwenda kazini, kitenge kimemkaza kiunoni, wakasema mwalimu Bulonza anajua kutunza nyumba yake. Bulonza, ambaye alifundisha jiografia, aliyasikia maneno hayo akajifanya hayasikii, ila siku hiyo alitembea kifua mbele.

Ofisini Nyawera, ambako alikuwa mpiga taipu, Agathe aliitwa citoyenne Nabintu, yaani raia Nabintu, maana serikali ilikuwa imeyafukuza majina ya ubatizo, na mashine yake isingethubutu kuandika Agathe hata kwa bahati mbaya. Mtaani alikuwa Mama Nsimire, kwa jina la binti yake wa kwanza. Nyumbani na kanisani alibaki Agathe, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Sasa unene huo ulitoka wapi? Majirani walidhani ni nyama. Nyama gani? Ulikuwa bugali na mchuzi. Siku ya nyama Agathe ndiye aliyegawa, na alikuwa na utaratibu wake ambao haukubadilika toka siku ya ndoa. Kwanza sahani ya Papa Bulonza, ile yenye kifuniko, na ndani yake kipande kikubwa kupita vyote. Kisha watoto watano, kuanzia Nsimire mwenye miaka kumi na sita hadi yule wa mwisho ambaye shule alikuwa bado anaisikia tu. Kisha kipande kimoja kiliachwa ndani ya sufuria, kikafunikwa. Hicho kilikuwa cha mugeni. Mugeni gani? Yeyote. Akija, amekikuta, asipokuja, kesho yake kilipashwa moto kikaingia tena kwenye sahani ya Papa.

Mpishi alibakiwa na mchuzi. Na mchuzi haunywewi kama chai, unataka bugali wa kuuchovya. Agathe alijikatia mlima wa bugali, akachovya, akashiba, akalala. Miaka kumi na saba alikula namna hiyo bila kunung'unika, kwa sababu hakujua kama kuna kitu cha kunung'unikia.

Sheria hiyo ya sufuria alipewa na mama mkwe wake, Mama wa Mudaka, aliyeitwa hivyo kwa jina la kijiji chake, mwezi ule wa kwanza alipoletwa nyumbani kwake kama bibi arusi. Bibi huyo alikuwa mfupi, mkavu, maneno yake machache. Alimsimamisha Agathe mbele ya chungu na kumwambia, “Chungu ya hii nyumba haikaukake. Mutu akifika, akute.” Hakueleza zaidi. Agathe alishika, na watoto wa dini wanajua nikisema alishika kama amri ya kumi na moja.

Taabu ilianza baada ya mtoto wa tano. Kitovu chake kilitoka nje, kwanza kama ndimu, halafu kama chungwa, na kila akikohoa ilimbidi akishike kwa mkono. Madaktari wanaita erni, yaani ngiri. Aliishi nacho, akakifunga kwa kitambaa, akaendelea na maisha. Siku moja alikuwa anapanda kutoka soko la Kadutu, kikapu kichwani, uvimbe ukakaza ghafla ukawa mgumu kama jiwe. Maumivu yalimkunja. Aliketi kando ya njia, akatapika mbele ya watu, na ilichukua muda mrefu sana uvimbe kulegea na kurudi ndani. Hapo aliogopa kweli.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali ya misioni, Katana. Daktari alimpapasa tumbo, akamwambia bila kuzungusha maneno: utumbo ukikwama pale na usirudi, utaoza, na yeye atakufa. Lazima apasuliwe. Lakini mafuta ya tumbo yalikuwa mengi, nyuzi zisingeshika. “Punguza kilo,” daktari alisema, “urudi kiangazi. Lakini kupunguza si kujinyima kila kitu. Unahitaji protéines, za kujenga mwili, grammes quatre-vingts, themanini, kila siku, la sivyo kidonda hakitafunga.” Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Agathe alijua kusoma grammes. Kwenye sufuria yake ya Cimpunda grammes zilikaa wapi, hilo hakulijua. Alipelekwa kwa mtawa aliyeshughulika na chakula cha wagonjwa, Masera Adolphine, mwanamke mwenye kicheko cha karibu, na huyo alimaliza hesabu yote kwa mkono mmoja.

“Fungua mukono, mama,” Masera alisema. “Ona. Hapa katikati, bila vidole, na unene wa mukono wenyewe. Ile njo nyama yako ya saa sita. Ingine sawa ile, ya mangaribi. Kama haiko nyama, ikuwe samaki. Kama ni ile samaki kidogo, sambaza, ujaze mukono mupaka zianguke. Asubui yayi moja na kopo ya maziba. Na maharagi kila siku, upawa mumoja. Unasikia?”

“Ninasikia, Masera.”

“Na ile bugali, ukate nusu. Kiisha ukate tena ile nusu.”

“Na mutu atashiba namna gani?”

“Utashiba na nyama,” Masera alisema, kama mtu anayetaja jambo jepesi.

Agathe alirudi na maagizo mawili, punguza bugali na ongeza nyama. La kwanza alilifuata siku ile ile. La pili, mwenzangu, hebu jiweke mahali pake. Nyama ya nyumba ile haikuongezeka kwa sababu daktari amesema. Mshahara wa mwalimu na wa mpiga taipu ulikuja siku uliyoitaka wenyewe. Nyama iliyoingia sufuriani ilikuwa ile ile, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Achukue cha Papa? Achukue cha mtoto? Alisimama na upawa wake jikoni akitafuta kipande kisicho na mtu, akakosa, akachota mchuzi.

Hata yai lilimshinda. Asubuhi ya kwanza alichemsha moja, akalimenya, akalishika. Yule wa mwisho alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. Unajua lilikwenda kwa nani.

Kwa hiyo alikonda kwa mboga za lengalenga na mchuzi. Alikonda haraka, na alifurahi. Vitenge vilianza kumzunguka mara mbili. Jirani yake Georgette, ambaye ulimi wake haukujua siku ya mapumziko, alimuuliza kisimani kama mwalimu ameleta mwanamke mwingine mjini. Agathe alicheka. Alijiambia kwamba Masera ataona mwenyewe.

Masera aliona. Aliporudi Katana, mizani ilikuwa imeshuka vizuri, lakini Masera hakuitazama sana. Alimketisha kwenye kiti kifupi cha jikoni, akamwambia akunje mikono kifuani na asimame bila kujishika. Agathe alijaribu. Mapaja yakatetemeka, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi tena, akaona haya.

“Umekonda mikono na miguu,” Masera alisema polepole. “Tumbo iko palepale. Mama, unakulaka nini?”

Agathe alimwambia: lengalenga na mchuzi. Daktari alikuja, akambana msuli wa mkono kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. Alisema hawezi kumkata mtu wa namna hiyo. Mwili hauna kitu cha kushonea. Aende, ale, arudi mwishoni mwa kiangazi, na kama bado hana nguvu, hatampasua. “Na kama inakwama mbele siku ile ifike?” Agathe aliuliza. Daktari aliweka mkono begani mwake.

Kwenye gari la kurudi Bukavu aliketi dirishani na hakuona ziwa, hakuona migomba, hakuona kitu. Aliwaza watoto watano. Aliwaza yule mdogo mlangoni na yai lake. Alijiuliza nani atawagawia nyama yeye akiwa kaburini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikasirika. Hakumkasirikia Bulonza wala watoto, alijikasirikia mwenyewe. Mtu atakufaje kwa ajili ya mchuzi? Gari lilipopita Mudaka alikuwa ameshaamua kwamba kiganja kile cha Masera atakila, kila siku, mpaka apasuliwe. Kilichobaki ni kujua kitatoka wapi.

Siku za sambaza hazikumpa shida. Sambaza hawana vipande, ni wengi, ukichota mkono mmoja zaidi hakuna anayelia. Maharagi vilevile. Yai alilila mapema, kabla nyumba haijaamka. Shida ilikuwa siku ya nyama na siku ya samaki mkubwa, na jibu lilikuwa pale pale mbele yake, chini ya kifuniko. Katika nyumba nzima kulikuwa na kipande kimoja tu kisicho na tumbo linalokingoja. Mwenyewe hakuwa na jina wala sura, na mara nyingi hakuja.

Mara ya kwanza aligawa kama kawaida. Sahani ya Papa ikaenda, za watoto zikaenda. Akabaki peke yake na sufuria. Akakitoa kipande cha mugeni, akageuza mgongo kwa mlango, akakila amesimama, haraka haraka, mchuzi ukimchuruzika mkononi. Hakusikia ladha yoyote. Moyo ulimpiga kama wa mtu aliyeingia nyumba ya watu. Alinawa, akafuta mdomo, akafunika sufuria tupu vizuri, akaenda kuketi na wenzake.

Akafanya tena. Na tena. Haya ile haikuisha, ila nguvu zilianza kurudi, na hizo hazikuwa na haya. Alipanda kutoka Kadutu bila kupumzika. Jikoni, akiwa peke yake, alijaribu kuinuka kwenye kiti kifupi mikono imekunjwa, akainuka. Tumbo nalo likaanza kulegea na kuingia ndani. Alitaka kumwambia mtu, akakosa wa kumwambia.

Bulonza alianza kushangaa. Kwa kawaida kesho ya siku ya nyama alikuta kipande kilichopashwa moto. “Siku hizi bageni banapita wakati niko kwa masomo?” aliuliza siku moja.

“Banapita,” Agathe alijibu.

“Bageni gani?”

“Bageni tu, Papa Nsimire.”

Bulonza akarudi kwenye gazeti lake. Alikuwa mwanamume mwema, sitaki umchukie. Angeweza kukutajia mito yote ya Zaïre na inakomwaga maji, lakini kifuniko cha sufuria ya nyumbani kwake hakuwahi kukifunua.

Jumapili moja, kiangazi kikiwa kimekolea na vumbi jekundu limeingia kila mahali, familia ilikuwa imemaliza kula nyama ya ng'ombe baada ya misa. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama wa Mudaka. Alikuwa amekuja bila kutuma habari, na kitunga cha maharagi na kuku hai amefungwa miguu, vumbi la safari limempaka hadi kwenye nyusi. Bulonza aliruka kumpokea. Akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akageuka kwa furaha.

“Mama Nsimire, leta ile ya mugeni. Leo amefika mwenyewe.”

Agathe alisimama pale pale. Nsimire, ambaye ni msichana mwenye macho na ambaye bila shaka alikuwa amejua siku nyingi, alisema haraka, “Paka iliingia, Papa. Ilifunua—”

“Hapana,” Agathe alisema. “Acha paka.” Alisikia sauti yake ikitoka nyembamba, akaishusha. “Mama, nyama ya mugeni haiko. Niliikula miye. Toka mvua ilikatika, niko naikula miye.”

Watoto walitazama sahani zao. Agathe akaeleza yote, macho yake kwenye miguu ya mama mkwe: erni, nyuzi, kiti kifupi, mkono wa Masera. Alisema anajua sheria ya chungu na ameivunja. Alisema hataki kufa akaacha watoto.

Bibi alisogeza kando kitunga kilichokuwa miguuni pake.

“Ulikuwa unaikulia fasi gani?” aliuliza.

“Mu jikoni.”

“Ulikuwa umekaa?”

“Nilikuwa nasimama, Mama. Nageuzia mulango mugongo.”

Bibi akapumua puani. “Mwizi njo anakulaka amesimama,” alisema. “Weye uko muke wa hii nyumba. Kesho utakula umekaa.” Kisha akaomba bugali na mchuzi, kwa sababu alikuwa na njaa, akala vyote, akasema mchuzi umeiva.

Agathe alikwenda jikoni akalia, na hakulia kwa kujificha. Bulonza alimfuata baada ya muda. Alisimama karibu na sufuria tupu, akainua kifuniko, akaangalia ndani, akakirudisha. “Juu ya nini haukuniambia?” aliuliza. Agathe alimjibu kwamba yeye hakuwahi kuuliza mpishi anakula nini, na hilo, nadhani, alilikubali.

Nikuambie sasa hivi ili usikae na wasiwasi: Agathe alipasuliwa Katana mwisho wa kiangazi kile kile, kidonda kikafunga vizuri, na Masera Adolphine alipita kitandani kumbana mkono na kucheka. Aliishi, akawaoza watoto. Lakini mimi nataka nirudi kwenye ile Jumatatu.

Bibi alilala pale. Jumatatu, Agathe aliporudi kutoka ofisini, kuku alikuwa ameshachinjwa na anachemka. Sasa lazima ujue jambo moja. Wanawake wa kizazi cha Mama wa Mudaka, huko kwao Bushi, hawakula kuku. Walimfuga, walimchinjisha, walimpika, wakampeleka mezani kwa wanaume. Mwanamke kumtia mdomoni ilikuwa aibu isiyosemeka. Agathe, aliyesomeshwa na watawa, alimla, lakini hakuwahi kumla mbele ya mama mkwe.

Jioni bibi aliuchukua upawa mwenyewe. “Kaa,” alimwambia Agathe, na Agathe akakaa mezani, na watoto, na Bulonza, wote wanatazama. Bibi akatoa paja. “Fungua mukono,” akasema. Akalipima paja kwenye kiganja cha mkwewe, hivi na hivi, akaona linazidi kidogo, akaridhika. Akaliweka kwenye sahani ya Agathe, ya kwanza kabla ya zote. Baadaye ndipo ikaja sahani ya Bulonza, na Bulonza alisema aksanti, Mama, kwa sauti ndogo. Kisha watoto. Bawa moja likabaki sufuriani, likafunikwa, kwa ajili ya mtu atakayefika. Yeye mwenyewe akajichotea maharagi.

“Na weye, Mama?” Agathe aliuliza.

“Miye sijue kuikula,” bibi alisema. “Kula.”

Agathe alishika paja. Akaling'ata, akaanza kutafuna. Bibi alikuwa ameacha maharagi yake, ameegemea mbele, anaangalia mdomo wa mkwewe unavyotafuna. Hakuna aliyekula. Katika miaka yake sabini bibi huyo alikuwa amepika kuku, amesikia harufu yake ikipanda katika jikoni ngapi sijui, na amepeleka sahani ngapi kwa wanaume.

Agathe akameza.

“Iko tamu?” bibi aliuliza, polepole, kama mtu anayeuliza habari za nchi ambayo hatafika.

“Iko tamu, Mama.”

“Sawa nini?”

Agathe alifikiri. Alitafuta kitu chochote ambacho bibi aliwahi kuruhusiwa kula ili amfananishie, samaki, maziba, uyoga, maharagi mabichi, na hakuna kilichofanana. Akakata kipande kidogo kwa vidole, akamnyooshea juu ya meza. Bibi akakitazama, akaurudisha mkono wa mkwewe taratibu mpaka kwenye sahani.

“Kula weye,” alisema. “Utaniambia.”